Unaambiwa Usubiri: Subira Ipi?

Jioni moja ya Desemba, mawingu yametanda upande wa Bahi na mvua imegoma kushuka, kijana mmoja wa bodaboda aliegesha pikipiki kando ya kijiwe chetu cha kahawa hapa Majengo, Dodoma. "Shikamooni wazee." Tukamwitikia. Akaagiza kahawa na kashata. Kikombe cha kwanza alikinywa kimya, cha pili kikamfungua mdomo. Ana digrii ya ualimu. Tangu amalize chuo, miaka mitano sasa, ameomba ajira kila zinapotangazwa, ameitwa kwenye usaili mara mbili, kituo hajapangiwa. Pikipiki nayo si yake, ni ya mkataba. "Sasa wazee wangu," akasema, "mimi nifanyeje?"

Mzee mmoja muuza mahindi alimjibu papo hapo: "Mwanangu, subira huvuta heri." Kijana hajawahi kushukuru, fundi viatu aliyekaa mkabala akaguna: "Ngoja ngoja huumiza matumbo. Miaka yote hiyo unangoja nini?" Kijiwe kikaangua kicheko. Kijana naye alicheka, ila swali lake halikuwa la mzaha: "Nishike lipi?"

Alikuwepo mzee wa tatu, Mgogo wa Mvumi, mkimya, anayekunywa kahawa yake kwa vikombe vidogo kama mtu anayehesabu. Yeye hakutoa methali. Aliuliza tu: "Mkataba wa pikipiki unaisha lini?" Nitarudi kwake baadaye, maana siku ile hakuna aliyemjali.

Swali la "nishike lipi" limenikaa kichwani tangu siku ile, na naona ndilo fundo lenyewe la habari hii ya kutafuta hekima ili mtu ajijenge. Siku hizi hekima haina uhaba. Kila asubuhi simu inaleta picha ya jua linachomoza, na juu yake aya ya Kurani, au mstari wa Biblia, au neno la Mgiriki wa kale, au methali, au kauli ya msemaji wa hamasa anayeuza tiketi za ukumbini. Zote zimeandikwa kwa herufi zilezile nyeupe, na zote zinaonekana kusema jambo moja: tulia, mambo yatakuwa sawa. Ukizisoma kwa haraka utadhani dunia nzima imekubaliana. Haijakubaliana hata kidogo. Maneno hayo yalisemwa na watu tofauti, waliojibu maswali tofauti, na anayeyachanganya kwenye chungu kimoja hupata mlenda usio na ladha ya chochote.

Tuanze na methali, kwa kuwa ndizo za karibu. Zinapingana waziwazi. Haraka haraka haina baraka, lakini chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, lakini mkono mmoja haulei mwana. Wapo wanaoona hilo ni dosari, kwamba wahenga hawakuwa na msimamo. Mimi naona wahenga walijua walichokuwa wakifanya. Methali ni shahidi anayesimama kusema alichokiona yeye, mahali pake, siku yake. Shahidi wa pili anasema kingine, na wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Kesi haiishi kwa ushahidi. Inahitaji hukumu.

Na hapa Kiswahili chenyewe kinatusaidia bila sisi kukiuliza. Neno hekima lilitujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake ndio uliozaa hakimu, hukumu na mahakama. Kwa hiyo mwenye hekima, kwa asili ya neno, hafanani na mtu mwenye maneno mazuri mengi. Anafanana zaidi na yule aliyesikiliza upande huu na upande ule, akaliangalia shauri lililo mbele yake, hili hapa, si lingine, kisha akaamua. Busara nayo ina undugu na kuona. Ukiwa na methali mia mbili kichwani na huioni kesi iliyo mbele yako, una maktaba tu.

Aristotle, Mgiriki aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 kabla ya Kristo, aliligusa jambo hilihili kwa njia yake. Alisema kijana anaweza kuwa bingwa wa jometri, lakini ni vigumu kumpata kijana mwenye busara ya maisha. Si kwa sababu vijana hawana akili. Ni kwa sababu busara ya maisha hushughulika na mambo mamojamoja, na hayo hayajulikani kwa kanuni, hujulikana kwa kuyaishi. Nawajua wazee wanaopenda kuwasomea vijana maneno ya namna hiyo huku wamejikweza. Wasisahau kwamba hakusema kila aliyeishi amejifunza.

Kisa kinachonionyesha vizuri zaidi tofauti ya kujua na kuwa na hekima ni cha Abu Hamid al-Ghazali. Alizaliwa mwaka 1058 huko Tus, katika nchi ambayo leo ni Iran. Mwaka 1091 alikabidhiwa kufundisha katika madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad, kiti ambacho kwa mwanachuoni wa zama zile hakikuwa na kikubwa zaidi yake. Wanafunzi wapatao 300 walikaa kumsikiliza. Fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, aliijua, falsafa aliisoma mpaka akaiandikia pingamizi, viongozi walimheshimu. Halafu mwaka 1095 mambo yakakatika. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba kwa karibu miezi sita alivutwa huku na huku: asubuhi anaazimu kuondoka, jioni azma imeyeyuka. Alipojichunguza aliona kwamba katika kufundisha kwake alikuwa akitafuta jina zaidi ya kumtafuta Mungu. Mwishowe ulimi ukagoma. Anasimama mbele ya wanafunzi, neno halitoki. Chakula hakipiti kooni. Waganga wakakata tamaa, wakasema ugonjwa umeanzia moyoni.

Aliondoka. Mali yake aliigawa, akaacha kiasi cha kuwatunza watoto wake, akaenda Damascus, Jerusalem, Makka, akaishi miaka kama kumi bila cheo, kisha mwaka 1106 akarudi kufundisha. Alichokigundua amekieleza kwa mfano ambao hata mtu wa kijiwe anauelewa: kuijua maana ya ulevi na kuwa mlevi ni vitu viwili. Tabibu anaweza kuwa mgonjwa kitandani huku anaijua afya ni nini, sababu zake na dawa zake, na afya hana.

Nakipenda kisa hiki, lakini nina hofu nacho pia, kwa sababu ni rahisi kukigeuza kuwa hamasa: acha kazi, fuata moyo, dunia itakufungulia. Al-Ghazali hakuacha elimu, aliirudia. Watoto aliwaachia riziki kwanza. Na kijana wetu wa bodaboda hana Nizamiyya ya kuikimbia. Anachotaka ni hiyo kazi ya kufundisha ambayo mwenzake aliiacha. Kesi zao hazifanani, ingawa wote wawili wamekaa gizani na moyo mzito.

Turudi kwenye subira sasa, maana ndilo neno alilopewa. Na nalo lina siri yake. Ule mmea mchungu tunaouita shubiri, unaoota porini huku kwetu kwenye ardhi kavu bila kumwagiliwa na mtu, jina lake na jina la subira kwa Kiarabu huandikwa kwa herufi zilezile tatu. Waliotuletea neno hawakulipaka asali.

Subira ya kwanza ni ya Epictetus. Huyu alizaliwa mtumwa, karibu mwaka 50 baada ya Kristo, akawa kilema, akaja kuwa mwalimu wa falsafa ya Wastoiki. Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa Rumi, yeye alifungua darasa Nicopolis, Ugiriki. Hakuandika kitu, mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyeyanakili mafundisho. Msingi wake ni mmoja: yapo yaliyo mikononi mwetu na yapo yasiyo mikononi mwetu. Maoni yetu, matamanio yetu, uamuzi wetu ni wetu. Mwili, mali, sifa na vyeo si vyetu, hata tukivishika leo. Anatoa mfano wa mtu anayekwenda kuoga kwenye mabafu ya umma. Kabla hujatoka, anasema, jikumbushe kinachotokea kule: watu hurushiana maji, husukumana, hutukanana, huiba. Sema moyoni: nataka kuoga, na nataka pia kuilinda tabia yangu. Mtu wa Dodoma aweke hapo stendi ya Nanenane siku ya kufunga shule, ataelewa mara moja.

Kwa kijana wetu, Epictetus angesema: kuandika barua nzuri ya maombi ni kwako, kujiandaa kwa usaili ni kwako, uamuzi wa kukuchagua si wako. Usiupe moyo wako kitu kilicho mfukoni mwa mwingine. Ni ushauri wenye nguvu, na umewasimamisha watu wengi kwenye magereza na vitanda vya hospitali. Lakini una tundu. Unampima mtu akiwa peke yake. Jambo lisilo mikononi mwangu linaweza kuwa mikononi mwetu, na Epictetus halisemei sana hilo.

Subira ya pili ni ya Kiislamu, na aghalabu watu huipunguza ikawa kunyamaza. Wanachuoni huigawa mara tatu: kusubiri katika kutii, kusubiri katika kujizuia na maasi, na kusubiri katika misiba. Ona kwamba mbili za kwanza ni kazi. Kuamka alfajiri kila siku ni subira. Kukataa rushwa mwezi ambao kodi ya nyumba imekuzidi ni subira. Sura ya Al-Baqara, aya ya 153, inawataka waumini watake msaada kwa subira na sala, kisha inasema Mwenyezi Mungu yu pamoja na wanaosubiri. Hapo ndipo njia inapoachana na ya Mstoiki. Yule amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Huyu ameegemea. Mmoja anatafuta kutohitaji, mwingine anatafuta kutokuwa peke yake.

Na kuna hadithi iliyopokelewa na Tirmidhi, mkusanyaji wa hadithi za Mtume, ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu, au amwache bila kumfunga na amtegemee Mungu. Akajibiwa: mfunge, kisha tegemea. Neno la Kiarabu lililotumika hapo kwa "mfunge" limetoka kwenye mzizi uleule uliotupa neno akili. Akili, katika asili yake, ina undugu na ile kamba ya kumfunga ngamia goti asipotee usiku. Sijui mfano mwingine unaokatisha uvivu wa kujifanya mcha Mungu kwa ufupi kama huo.

Ya tatu ni ya Ayubu, na hapa nitasema jambo litakalowaudhi baadhi ya wahubiri. Kila anayefiwa huambiwa awe na subira kama Ayubu, kana kwamba Ayubu alikaa kimya. Fungua kitabu chenyewe. Sura ya tatu inaanza na Ayubu akiilaani siku aliyozaliwa, na tangu hapo analalamika, anahoji, anamshitaki Mungu mpaka karibu na mwisho. Kimya walikuwa rafiki zake, na kimya chao ndicho kitu bora walichofanya: waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Wakaanza kumfafanulia kwa nini yamempata, kila mmoja na hekima yake iliyopigwa pasi. Na mwishoni, sura ya 42, Mungu anawakemea wao: hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu. Mlalamikaji ndiye aliyesema sawa!

Paulo anapowaandikia Warumi kwamba dhiki huleta saburi, na saburi uthabiti wa moyo, na uthabiti tumaini, naye hasemi kwamba tumaini ndilo linaanza. Linakuja mwishoni, likiwa limepita njia ndefu. Mkristo anayelia kanisani hajashindwa mtihani wa imani. Subira ya aina hii ina machozi ndani yake na ina hoja, ila haiondoki mezani.

Ya nne iko hapa chini ya miguu yetu, na nitakaa nayo zaidi. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi, milimita 500 na kitu tu kwa mwaka wa kawaida, na hata hizo huja kwa vurugu: kubwa leo, kisha wiki tatu za jua kali mimea ikiwa goti. Wagogo wameishi na hali hii vizazi na vizazi. Kusubiri kwao mvua hakukuwa kukaa kibarazani. Walipanda uwele na mtama, nafaka zinazovumilia ukame. Walitawanya mashamba sehemu mbalimbali, kwa sababu mvua ya hapa inaweza kunyesha bondeni ikaruka kilima. Ng'ombe waliwaweka kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ukame ukija huku, zizi lisife lote. Na mtemi alibeba jukumu la mvua kwa niaba ya watu wote, hivyo mvua ikikosekana ilikuwa ni habari ya jamii nzima, wala haikuitwa bahati mbaya ya fulani.

Linganisha na mpango wa karanga wa Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilimwaga matrekta pale, ikitaka karanga nyingi kwa haraka baada ya vita. Ardhi ya Kongwa kiangazi huwa ngumu kama saruji, karanga hazing'oleki. Mvua nayo haikufuata ratiba ya ofisi. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, mamilioni ya pauni yameyeyuka. Elimu ya mashine walikuwa nayo. Kesi ya Kongwa hawakuisikiliza.

Lakini somo zito la Ugogo silo hilo. Wagogo wana desturi ya kuipa njaa jina, na moja ya zile zinazokumbukwa zaidi inaitwa Mtunya, ya kuanzia 1917 hadi 1920. Ukame ulikuwepo, ndiyo. Lakini kabla yake ilikuwa Vita Kuu: majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalipita yakichukua ng'ombe, nafaka, na wanaume wa kubeba mizigo. Zile kinga zote nilizozitaja, zizi la mbali, ghala, mikono ya kulima, zilikwishaporwa mvua ilipokatika. Maelfu walikufa. Kwa hiyo katika msiba mmoja zilikaa pamoja mbingu na bunduki. Mvua unaweza kuisubiri, watu wa hapa wanajua namna ya kuisubiri. Jeshi linalochukua ghala halisubiriwi kwa njia hiyohiyo.

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila anayeambiwa "subiri" alijue: ninachokingoja ni mvua, au ni mkono wa mtu? Ugonjwa, uzee, kifo cha mzazi, kimo chako, hizo ni mvua. Mshahara uliozuiwa, mirathi iliyoliwa na baba mdogo, mume anayepiga, hiyo ni mikono ya watu. Anayemwambia mke anayepigwa kwamba subira huvuta heri amechukua neno la mvua akalitumia kwenye kesi ya bunduki. Mara nyingi, aliyeshika kitu chako ndiye wa kwanza kukusifia subira.

Ajira je? Ajira ni vyote viwili, ndiyo maana inachanganya. Idadi ya nafasi si juu ya kijana, wala foleni ya walioomba. Namna anavyotumia siku zake ni juu yake.

Mwaka huohuo Mtunya ilipoanza, 1917, alizaliwa Ugogo Mathias Mnyampala. Alikuja kuwa hakimu, mshairi, mwandishi wa historia na mila za Wagogo, na Mkatoliki aliyeiweka Injili katika utenzi. Alifariki 1969. Yeye ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ngonjera, shairi la kujibizana ambamo huyu anadai, yule anapinga, mpaka hoja iwive. Baadaye ngonjera ziligeuzwa vipaza sauti vya siasa na sherehe za shule, tukachoka nazo, lakini umbo lenyewe lina akili. Hakuna mhusika mmoja mwenye ukweli wote tangu ubeti wa kwanza. Muuza mahindi na fundi viatu walikuwa wanatunga ngonjera jioni ile bila kujua.

Sasa unamwendea nani na kesi yako? Mwanafalsafa wa Kenya Henry Odera Oruka, wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995, alizunguka vijijini kuzungumza na wazee wenye sifa ya hekima. Wakati ule wasomi wengi wa Ulaya walikuwa wakisema Mwafrika hana mwanafalsafa mmojammoja, ana mila za pamoja tu. Oruka alikuta wazee wa aina mbili. Wa kwanza anazijua mila barabara, anazisimulia vizuri, ukimuuliza kwa nini, anakujibu ndivyo walivyofanya babu zetu. Wa pili anazijua vilevile, lakini yeye amezipima: hili nalikubali kwa sababu hii, lile naliona si haki ingawa ni la kwetu. Wote wana faida. Ukitaka kujua posa hupelekwaje, mwendee wa kwanza. Ukitaka kujua kama uoe, ni wa pili.

Nimekuwa nikiutumia mgawanyo huo kwa mashehe, mapadri, wachungaji na hata wasemaji wa hamasa, na haujaniangusha. Kipimo changu ni rahisi: kabla hajajibu, aliuliza maswali mangapi? Msemaji wa hamasa hawezi kuuliza, kwa sababu ukumbini kuna watu mia nne na kila mmoja na shauri lake, na muda umelipiwa. Simlaumu kwa hilo. Ila asiuze jibu moja kwa kesi mia nne.

Nilisema mapokeo haya hayakubaliani. Lipo jambo moja ambalo, kwa namna ya kushangaza, yanakutana, nalo si wazo, ni zoezi la jioni. Seneca, Mrumi aliyefariki mwaka 65, anaeleza kwamba taa ikishaondolewa na mkewe ameshanyamaza, kwa kuwa anaijua desturi yake, yeye huipitia siku nzima na kujiuliza alichokosea, bila kujificha chochote. Khalifa Umar ananukuliwa akisema: jihesabuni nafsi zenu kabla hamjahesabiwa, na Waislamu huliita zoezi hilo muhasaba. Al-Ghazali alilifafanua kwa lugha ya wafanyabiashara, kwamba mtu aihesabu nafsi yake kama anavyomhesabu mshirika wake mtaji, faida na hasara. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wayesuiti katika karne ya 16, aliwawekea wafuasi wake uchunguzi wa dhamiri wa kila siku, na katika huo huanza na shukrani kabla ya kuorodhesha makosa. Tofauti zinabaki: Seneca anajihukumu mbele ya nafsi yake, Umar na Ignatius mbele ya Mungu. Lakini saa ni ileile, na kazi ni ileile, na haihitaji kiingilio. Muhasaba na hesabu, bila shaka umeshaona, ni ndugu.

Jioni ile bado nilikuwa mbali na kuyaelewa haya. Nilichoona ni yule mzee wa Mvumi akirudia swali lake, safari hii kijiwe kimetulia. Mkataba unaisha lini?

"Machi, mzee. Nalipa hesabu elfu kumi kwa siku, ikifika Machi pikipiki inakuwa yangu."

"Na mama yupo?"

"Yupo Mpwapwa. Analima."

"Ajira zikitangazwa kesho, vyeti viko tayari?"

Kijana akakohoa. Kimoja kilikuwa na jina lililokosewa herufi, tangu mwaka juzi anasema atalishughulikia. Mzee akatikisa kichwa taratibu. Akamwambia kwamba kwenye pikipiki muuza mahindi ana haki: asubiri mpaka Machi, asiruke mkataba hata akichoka. Kwenye cheti fundi viatu ana haki: Jumatatu asubuhi awe mlangoni kabla hawajafungua. Kuhusu kupangiwa kituo, akanyanyua macho kuelekea Bahi, kwenye yale mawingu, akanyamaza.

Kisha akamuuliza kama anaandika mapato yake. Kijana alisema anayo kichwani. "Lete daftari," mzee akasema.

Kesho yake jioni alilileta, daftari la shule la kurasa thelathini na mbili, amekaa kukumbuka wiki nzima nyuma. Mzee alivaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka mahali palipoachwa wazi.

"Hapa palikuwa nini?"

"Sikutoka, mzee. Moyo ulikuwa mzito tu."

"Basi andika hivyo hivyo," mzee akamwambia, akamrudishia kalamu.